Kiko cha Daktari wa Vita

SWALI: Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alituachia kiko cha mti chenye nakshi ya jani la pande tatu, herufi M.S. na mwaka 1862, pamoja na msumeno mdogo ulio chuma kitupu hadi mpini. Alituambia kuwa alivinunua Baltimore, na kwamba vyote vilikuwa vya daktari mmoja wa jeshi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Je, yawezekana? Nataka kukipiga kiko msasa na kukipaka vanishi kabla ya kukiuza.
Msomaji, Kibokoni, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, msasa uweke kando kwanza. Masizi yaliyomo ndani ya kiko na mng'aro ulioachwa na vidole vya mvutaji ndivyo mkusanyaji anavyovitafuta, na vikishaondoka havirudi.

Askari wa vita vile vya 1861 hadi 1865 walichonga viko kambini, hasa majira ya baridi mapigano yalipotulia, kwa mizizi migumu ya vichaka vya huko, wakatia nembo za vikosi vyao na majina ya mahali walipopigana. Jani la pande tatu lilikuwa nembo ya Kori ya Pili, mojawapo ya vikosi vikubwa vya Jeshi la Potomac, jeshi la upande wa Kaskazini. Lakini nembo hizo zilianza kutumika Machi 1863, chini ya Jenerali Joseph Hooker, kamanda wa jeshi hilo, kwa hiyo nakshi yako haikuchongwa 1862. Hilo peke yake halikifanyi kiko kuwa cha bandia, kwani askari aliyenusurika mapigano ya Fredericksburg mnamo Desemba 1862, ambako kori hiyo ilipoteza watu wengi mno, angeweza hapo baadaye kuchonga tarakimu 1862 kwa kumbukumbu ya mapigano hayo. Chukua lenzi utazame mifereji ya herufi: ikiwa ni myeupe ilhali mti unaoizunguka umekolea weusi, basi ni kazi ya juzi.

Kuhusu M.S., ni kweli kwamba maofisa wa tiba walivaa herufi hizo (kifupi cha Medical Staff) mabegani. Hata hivyo, zaweza pia kuwa herufi za mwanzo za jina la askari yeyote, na mimi nisingekubali kulipia udaktari kwa herufi mbili tu.

Msumeno ndio unaoivunja hadithi. Zana za upasuaji za wakati ule zilikuwa na mipini ya mpingo au ya pembe ya ndovu (shukuru kwamba wako si wa pembe, maana biashara yake hapa Kenya ni kosa la jinai). Mipini ya chuma kitupu ilienea miaka mingi baada ya vita, madaktari walipoanza kuzitakasa zana kwa maji ya moto na mvuke, jambo ambalo mti hauvumilii. Kwa hiyo viuze mbalimbali, na msumeno uupake mafuta mepesi, kwa kuwa hewa ya chumvi ya Mji wa Kale haiuachi salama.

Ikiwa mjomba aliacha risiti, barua au hata picha akiwa na kiko hicho, mpe mnunuzi nakala, nawe ubaki na asili.