Neno "aibu" na kaka zake wa Kiingereza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo ofisini kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mnunuzi wa Ulaya alishusha bei, nikamwandikia: "We are disappointing with your price." Bosi alicheka mpaka machozi. Kosa liko wapi? Na "ashamed" na "embarrassed", si zote ni aibu?

JIBU: Marahaba. Ulimwambia mnunuzi kwamba ninyi ndio mnaoangusha watu. Kinachoangusha kina "-ing", aliyeangushwa ana "-ed": bei ni "disappointing", ninyi ni "disappointed". Hiyo "with" umeipatia. Ila usije ukamwandikia "I am disappointed in you". Hayo mzazi humwambia mtoto aliyeiba. Wala "disappointed" si kukata tamaa. Ulitarajia, hukupata, basi. Kesho mnafanya biashara tena.

Hilo la aibu ndilo linalonichosha. Umeteleza pale soko la samaki la Mwaloni na ndoo ya dagaa kichwani, wachuuzi wakaangua kicheko: "I was embarrassed." Umechezea mizani ukampunja mama wa watu, usiku roho inakusuta: "I am ashamed of what I did." Ukisema "ashamed" kwa kuteleza tu, Mwingereza atajiuliza umefanya kosa gani. Na mtoto anayejificha nyuma ya kanga ya mama yake mgeni akibisha hodi ni "shy". Hajakosa wala hajachekwa. Kiswahili nacho kina haya, soni na fedheha, sema siku hizi vyote tumevirundika kwenye "aibu".

Wanaowapoteza ni hawa wa "Kiingereza siku 30", wanaobandika namba zao kwenye nguzo za umeme, ubavuni mwa tangazo la mganga. Wanauza orodha: huku neno, kule neno, alama ya sawasawa katikati. Hakuna sentensi hata moja! Ukiuliza "of" inakaa wapi na "about" inakaa wapi, unaambiwa utazoea. Utazoea kukosea, labda.

Juzi kijana alikuja na orodha ya namna hiyo, maneno 1,000 kichwani, anayataja kama sala. Nikamwomba sentensi moja tu yenye "embarrassed". Akafikiri, akaandika ubaoni: "My mother is embarrassed me." Nikafuta "is", tukaanzia hapo.