Kama unataka cheti tu, usimpotezee mtu Jumamosi zake

Juzi mwanafunzi wa chuo hapa Moshi kaniandikia: anataka kujitolea kwa watu wazima wenye ulemavu wa akili, aanzie wapi, na je, kuna cheti na posho? Nilicheka, halafu nikakasirika kidogo. Namjibu hapa hapa, maana najua mko wengi.

Mimi nilianza nikiwa mwaka wa pili. Tulikuwa kundi zima, fulana za rangi moja, picha kibao. Tuliiga mtindo wa Best Buddies, shirika la urafiki na watu wenye ulemavu wa akili ambalo Anthony Kennedy Shriver alilianzisha Marekani mwaka 1989: unapangiwa rafiki mmoja, mnakutana kama marafiki wengine. Semesta ilipoisha, fulana zikatoweka. Nikabaki mimi. Ndiyo, najisifu.

Rafiki yangu ana miaka thelathini na ushee, namwita Mangi. Anaosha vyombo kwenye mgahawa wa shangazi yake karibu na soko la Mbuyuni, na analipwa. Kusoma hajui, ila hela anazijua kwa wanyama: elfu mbili ni simba, elfu tano faru, elfu kumi tembo. Siku moja tulikaa mgahawa mwingine, zamu yake ya kulipa. Mhudumu akaniuliza mimi, "Huyu atakula nini?" Nikamwambia, "Si umuulize mwenyewe?" Mangi akaagiza mtori na chapati. Mwishoni akatoa faru, akamnyoosha mezani kwa kiganja. Chenji ikaletwa kwangu! Nikamwonyesha mhudumu mwenye hela.

Kwa hiyo acheni kuwalipia kila kitu. Acheni na ile sauti ya chekechea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataja uhuru wa mtu kujiamulia mambo yake, na mtori ni mambo yake.

Lakini kubwa zaidi ni ahadi. Ukisema Jumamosi, iwe Jumamosi. Mwenzetu mmoja wa zile fulana alimwahidi Mangi kumpeleka mpira uwanja wa Ushirika. Mangi akavaa shati la kola tangu asubuhi, akakaa kibarazani, chai akagoma kunywa. Jamaa hakutokea, simu hakupokea, na hakurudi tena. Mama yake Mangi aliniambia, "Mwanangu, bora angesema tu haji." Mpaka leo Mangi huniuliza yule yuko wapi, na wa kujibu ni mimi. Hilo bado linaniuma, na kama anasoma hapa, asome.

Una mitihani? Sema mapema. Sisi tulikuwa tunazungushia tarehe kwenye kalenda ya ukutani kwao, Mangi mwenyewe akishika kalamu. Unamaliza chuo na kurudi kwenu? Nenda ukaage kwa mdomo wako, mbele ya mama yake, na simu uendelee kupiga. Vijana, mtu mzima haachwi kama daftari la semesta iliyopita.

Cheti utapewa. Posho hakuna, na nauli ya hiace ni juu yako.