Konea mpya haitaki papara

Majirani huku Mbagala walijua nikitoka tu hospitali kupandikizwa konea (ile sehemu angavu ya mbele ya jicho) nitakuwa naona kama tai, na mi mwenyewe nilijua hivyo hivyo. Kesho yake wakatoa bandeji, nafungua jicho, ukungu mtupu, kama kioo cha daladala siku ya mvua. Nikasema basi, hela imeliwa. Daktari akacheka.

Iko hivi, konea haina mishipa ya damu, ndo maana inapitisha mwanga, ila ndo maana pia kidonda chake kinafunga taratibu mno kuliko cha ngozi, kwa hiyo nyuzi (mi nilishonwa 16, nyembamba kuliko unywele) zinaweza kukaa mwaka na zaidi, wanazitoa chache chache na kila zikitoka uonaji unabadilika. Usikimbilie miwani. Mi nilitengenezesha Kariakoo mwezi wa tatu tu baada ya upasuaji, haikuchukua muda ikawa haifai, sasa mtoto anachezea.

Matone ya steroidi usijikatishie mwenyewe eti jicho limetulia. Ndo yanayozuia mwili usiikatae konea ya mtu mwingine. Ila yanaweza kupandisha presha ya jicho, kwa hiyo kliniki usikose, wakupime.

Sasa kosa langu. Mwezi wa saba nikaanza kuhisi mchanga jichoni, nikajua vumbi la bodaboda hili, nikanawa maji ya bomba (usifanye!) nikaendelea na biashara zangu. Siku ya tatu wifi yake mke wangu akanimulika na tochi ya simu, akashtuka, "we kaka, mbona kuna kitu cheupe kimening'inia humo?" Kumbe uzi umelegea, ncha imechomoza na ute umeganda juu yake. Daktari aliweka tone la ganzi akauchomoa hata dakika mbili hazijafika, kisha akanisema vibaya sana, maana uzi uliolegea ni mlango wa bakteria na unaweza kuamsha mwili ukaanza kuikataa konea. Jicho likiwa jekundu, mwanga ukikuuma, kuona kukififia au maumivu, hata kimoja tu, nenda siku hiyo hiyo, usisubiri Jumatatu.

Na ile sehemu ya mshono haiwi imara kama zamani, hata baada ya miaka kiwiko kimoja tu kinaweza kuifumua. Chandimu nimeacha, siku hizi napuliza filimbi.