Dada, kuna wakili anayetetea sisi wa kawaida?

SWALI: Shikamoo dada. Niko fomu siksi, nataka kusoma sheria ila baba anasema mawakili ni wa wenye hela tu. Kuna aliyetusaidia wasichana kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Yupo, tena wa hapahapa kwetu, Rebeca Gyumi, mzaliwa wa Dodoma, mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa inaruhusu binti aolewe na miaka 15 mzazi akikubali, wakati mvulana mpaka afike 18 (mahakama ingeweza kuruhusu hata wa miaka 14, msichana au mvulana), sasa hebu niambie haki iko wapi hapo! Dada wa watu akafungua kesi Mahakama Kuu kwamba vifungu vya 13 na 17 vinavunja Katiba, 2016 akashinda, serikali ikakata rufaa, tukangoja weee mpaka Oktoba 2019 ndo Mahakama ya Rufani nayo ikasema yuko sahihi. Mi nililia kwa furaha. Na 2018 Umoja wa Mataifa walishampa tuzo ya haki za binadamu. Mpe baba asome hii, afu matokeo yakitoka omba chuo, sheria iwe chaguo la kwanza.