Je, Gofu Hurithiwa Kama Jina la Ukoo?

SWALI: Mhariri, baba mkwe wangu alibeba mifuko ya wachezaji wa gofu hapa Lubumbashi kwa miaka mingi. Mume wangu alijifunza kwake, na sasa anafundisha wengine. Mtoto wetu wa miaka 12 hushika fimbo kila jioni, na majirani wanasema ubingwa umo katika damu yake. Je, ni kweli? Na tumruhusu aache masomo ili awe mchezaji wa kulipwa? — Mama wa Katuba

JIBU: Mama, majirani wanawapenda, lakini damu wanaipa sifa ya kazi ambayo imefanywa na mikono ya babu na baba.

Mtazame Arnold Palmer wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1929. Baba yake, Deacon, aliyekuwa na ulemavu wa mguu tangu utotoni, alianza kama kibarua wa kutunza nyasi katika klabu ya Latrobe, Pennsylvania, hadi akawa mwalimu wa gofu papo hapo. Arnold alipokuwa na miaka mitatu hivi, baba alimpa fimbo iliyofupishwa na kumpangia vidole: kidole kidogo cha mkono wa kulia kikalala juu ya mkono wa kushoto, mikono miwili ikashika kama mmoja. Mshiko huo hakuubadilisha maisha yake yote. Naamini mume wako, akiwa mwalimu, anaelewa thamani yake, kwa kuwa mtoto akizoea mshiko mbaya, kuurekebisha ukubwani ni taabu kubwa.

Wala usidhani Arnold alilelewa kama mwana wa tajiri. Alikuwa mtoto wa mfanyakazi, kwa hiyo hakuruhusiwa kuogelea katika bwawa la wanachama, na uwanjani alicheza alfajiri kabla hawajafika au jioni wakiisha kuondoka. Mwaka 1971 aliinunua klabu hiyohiyo. Habari hii hunigusa kila ninapowaona vijana wetu wamebeba mifuko mizito ya watu wengine juani.

Kuhusu damu yenyewe, Palmer alishinda mashindano 62 ya PGA Tour, mfululizo mkuu wa gofu ya kulipwa huko Marekani, na mjukuu wake Sam Saunders, mtoto wa binti yake, naye akawa mchezaji wa kulipwa, lakini hakupata ushindi hata mmoja katika mashindano hayo. Si aibu hata kidogo, kwani kufika pale tu ni kazi ya miaka. Naomba mtoto wako asibebeshwe deni la kufanya makubwa kuliko babu yake.

Masomo asiyaache. Tazama familia nyingine ya gofu ya Marekani: Bob Goalby alishinda Masters, mojawapo ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, mwaka 1968. Jay Haas, mpwa wake, akafuata njia hiyo, kisha Bill, mwana wa Jay, akatwaa Kombe la FedEx, taji la msimu mzima wa PGA Tour, mwaka 2011. Jay na Bill wote wawili walichezea timu ya Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, kabla ya kucheza kwa malipo, na huko ng'ambo ufadhili wa chuo ni mlango ambao kijana asiye na fedha, lakini mwenye alama nzuri na mkono mzuri, anaweza kuubisha. Mtoto amalize kazi za shule kwanza, halafu baba yake amchukue uwanjani. Na siku atakaposema amechoka, mpumzisheni bila kumkumbusha babu.