Nyuki ndani ya ghala: usihangaike na hita

Msimu wa kwanza nilipoingiza mizinga ghalani kuikinga na theluji, nilinunua hita. Nikapandisha joto hadi nyuzi 12, nikalala roho kwatu. Wiki haikuisha, sakafu ilikuwa nyeusi kwa nyuki waliokufa, na mizinga ilivuma kana kwamba nje maua yamechanua.

Nyuki hawalali majira ya baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi, hushikamana wakawa bonge moja, malkia ndani, na kutetemesha misuli ya mabawa ili wapashane joto. Asali ndiyo kuni yao. Ghala likikaa kwenye nyuzi 4 au 5, bonge hutulia na asali huliwa taratibu. Ukilipasha, bonge hulegea. Nyuki hutoka kutafuta njia, hula zaidi, malkia huanza kutaga, na majana, yaani watoto wa nyuki, hudai joto la nyuzi 34 au 35 hapo katikati. Isitoshe, nyuki huenda haja akiwa anaruka nje. Aliyefungiwa ndani huku anakula sana, tumbo litamshinda tu, na masega yatachafuka.

Hita niliiuza. Mizinga mingi chumbani hutoa joto la kutosha, kwa hiyo kazi yako ni kulipoza. Nunua feni yenye themostati, yaani kidhibiti joto kinachoiwasha na kuizima, ivute hewa ya nje. Bomba la hewa lipinde mara mbili ili mwanga usipenye, maana mwali mdogo tu huwaita nyuki nje. Ukiingia kukagua, tumia taa nyekundu, rangi wasiyoiona. Kipimajoto kiweke katikati ya mizinga, mbali na mlango. Changu kilikaa mlangoni mwezi mzima kikinidanganya.

Unyevu ndio unaonikosesha usingizi kuliko yote. Kila kilo ya asali inayoliwa huacha karibu theluthi mbili ya kilo ya maji hewani. Zidisha kwa mizinga yako uone ni ndoo ngapi. Mimi hulenga unyevu wa asilimia 50 hadi 60. Ukuta ukianza kutoa jasho, feni haitoshi.

Utitiri wa varroa, vidudu wanaowanyonya nyuki, utibu kabla hujaingiza mizinga. Kundi lililodhoofika halitaponeshwa na ghala.

Mwisho wa msimu ndio mgumu: mchana nje kunapata joto, feni nayo inaingiza joto hilohilo. Fungua milango usiku, ifunge kabla hakujapambazuka. Kukishindikana kabisa, toa mizinga. Mimi huitoa jioni, utabiri ukisema kesho kutakuwa na jua na joto la nyuzi 10 au zaidi. Asubuhi hiyo usianike nguo karibu na mizinga. Nyuki wamebana haja miezi kadhaa, na mashuka meupe ndiyo watakayoanza nayo.