Mwanafunzi Aliyekimbia Vita

SWALI: Mhariri, ninafundisha gredi ya tano Kakuma, penye kambi ya wakimbizi katika kaunti ya Turkana, Kenya. Wanafunzi wangu wametoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na Burundi. Wapo wanaoshtuka mlango ukifungwa kwa kishindo, na wapo wasiosema lolote kutwa nzima. Chuoni hatukuandaliwa kwa hali hii. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, anza na utaratibu usiobadilikabadilika, kwa kuwa mtoto aliyeishi katikati ya vurugu hutulia anapojua kitakachofuata, ratiba ikibidi kubadilika, mwarifu mapema. Usimlazimishe kusimulia yaliyompata, hata kwa nia njema ya insha ya "safari yangu". Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unamtaka msaidizi aangalie, asikilize, kisha amuunganishe mhusika na wenye ujuzi zaidi. Kazi yako si kutibu.

Kiboko kisiingie darasani kabisa: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekipiga marufuku, na kwa watoto hawa kinafufua hofu ileile waliyoikimbia.

Kuhusu lugha, mruhusu mgeni ajadili somo kwanza na mwenzake kwa lugha ya kwao, kisha ajibu kwa Kiingereza au Kiswahili. Usiwapange kwa mataifa wakati wote. Walimu wenzako ambao wenyewe ni wakimbizi wanazijua mila za watoto hao. Mwombe mkuu wa shule awatengee nyote muda wa kushauriana kila wiki.